Machozi ya Namugongo Hayatoshi

Kila Juni 3 inapokaribia, mahujaji kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo huungana na wenyeji wa Uganda kumiminika Namugongo kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, wengine kwa miguu. Wakirudi jumuiyani huulizwa swali moja: "Uliguswa?" Aliyelia huhesabiwa kuwa ameamka kiroho, asiyelia hudhaniwa kapoteza nauli. Imani hiyo ni potofu, na mashahidi wenyewe wanaikanusha.

Joseph Mukasa Balikuddembe alikuwa mkuu wa matarishi katika kasri la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Oktoba 1885, Askofu Hannington wa Kianglikana alipouawa Busoga, Balikuddembe, Mkatoliki, alimkemea Kabaka kwa kumwaga damu hiyo. Novemba 15 akauawa kwa kukatwa kichwa. Alimtetea mtu wa dhehebu lisilo lake mbele ya mkuu aliyekuwa akimlisha. Huko ndiko kuamka.

Karoli Lwanga alishika nafasi yake akijua fika ilivyomponza mtangulizi wake. Mei 1886, huko Munyonyo, usiku wa kuamkia hukumu yao ya kifo, aliwabatiza vijana kadhaa, akiwamo Kizito, kijana wa miaka kama 14. Kisha wakaswagwa hadi Namugongo, wakachomwa moto Juni 3. Hawakufika pale kutafuta imani. Walifika nayo.

Nami nimesimama mbele ya basilika ile, katikati ya umati unaoimba, macho makavu. Kilichonitikisa ni swali ambalo nyimbo hazikuweza kulifunika: ni nani asiyenihusu ambaye ningekubali kupoteza mkate wangu kwa ajili yake?

Wapo watakaosema hisia ni zawadi ya Mungu. Sibishi. Ila zawadi hiyo mara nyingi haivuki mpaka wa Mutukula, kati ya Uganda na Tanzania. Mhasibu anajaza dumu la maji ya Namugongo, analibeba kwa heshima hadi nyumbani, na Jumatatu anaidhinisha malipo hewa kwa sababu bosi ameagiza. Maji anayo, machozi alimwaga, lakini neno moja la Balikuddembe halimtoki.

Kwa hiyo, ukitaka kujua kama hujaji ameamka, usimuulize yeye. Muulize dada wa kazi nyumbani kwake kama mshahara wa Juni umelipwa.