Kopo lilipokosekana Marekani: sheria ilimbana nani, ilimsaidia nani

Mwezi Mei mwaka 2022, rafu za maziwa ya kopo ya watoto wachanga katika maduka mengi ya Marekani zilikuwa tupu. Kampuni moja inayofuatilia bidhaa madukani ilihesabu kuwa zaidi ya asilimia 40 ya maziwa hayo hayakupatikana. Maduka makubwa yaliyobakiwa na makopo yaliweka kikomo: mteja mmoja, makopo matatu tu, basi. Wasikilizaji wetu wengi walishangaa. Nchi tajiri kiasi hicho inakosaje maziwa ya mtoto?

Katika makala hii tunaeleza ilivyokuwa, kwa sababu uhaba ule haukuletwa na ukame wala vita. Ng'ombe walikuwapo, pesa zilikuwapo, viwanda vilikuwapo. Kwa sehemu kubwa, kilichoamua nani apate kopo na nani akose ni sheria.

Tuchukue mfano wa mama mwenye mtoto wa miezi miwili na kipato kidogo. Analipia maziwa kwa kadi ya mpango wa lishe wa serikali, unaoitwa kwa kifupi WIC. Anafika dukani, anakuta maziwa aliyoandikiwa yamekwisha. Kando yake kuna kopo la kampuni nyingine, lenye virutubisho vinavyofanana. Analipeleka kwa mhudumu wa malipo, kadi inakataa. Kadi ile inatambua kampuni moja tu, na hata ukubwa wa kopo umepangwa. Mwenye fedha zake mfukoni aliyesimama nyuma yake kwenye foleni analichukua kopo lile lile na kuondoka nalo.

Kwa nini kadi ikatae?

Mwaka 1989 Bunge la Marekani liliyataka majimbo yapunguze gharama za mpango huo kwa kushindanisha kampuni za maziwa. Utaratibu ni kama zabuni. Kampuni inayoshinda inakuwa peke yake kwenye kadi za WIC katika jimbo hilo, nayo inarudishia serikali sehemu kubwa ya bei ya kila kopo. Tuseme ukweli, sheria hiyo si mbaya. Fedha zinazookolewa zinawahudumia akina mama na watoto wengi zaidi, na kwa miaka zaidi ya 30 ilifanya kazi bila kelele.

Lakini takriban nusu ya maziwa ya kopo yanayotumika Marekani hupitia WIC. Kampuni ikishinda zabuni ya jimbo, maduka huijazia rafu, na hata wateja wasio na kadi huishia kununua maziwa yake. Kampuni zinazoshindania zabuni hizo zilikuwa tatu tu: Abbott, Mead Johnson na Gerber. Abbott peke yake ilikuwa ikihudumia karibu nusu ya watoto wa WIC.

Tarehe 17 Februari 2022, Abbott ilitangaza kurudisha maziwa ya unga yaliyotoka katika kiwanda chake cha Sturgis, jimbo la Michigan, na kiwanda kikasimama. Watoto wanne waliotumia maziwa kutoka huko walikuwa wamepata maambukizi ya bakteria anayeitwa Cronobacter, na wawili kati yao walifariki. Wakaguzi walimkuta bakteria wa jamii hiyo ndani ya kiwanda. Kampuni ilijitetea kwamba vipimo vya vinasaba havikuoanisha bakteria wa kiwandani na wale waliopatikana kwa watoto, na kweli havikuoanisha. Hata hivyo hali ya usafi iliyokutwa mle ilitosha kukifunga. Mfanyakazi wa zamani alikuwa amepeleka malalamiko kwa mamlaka ya chakula na dawa, FDA, tangu Oktoba 2021. Wakaguzi waliingia mwishoni mwa Januari. Miezi hiyo mitatu ndiyo iliyowaudhi wazazi wengi, na sisi tunaona walikuwa na haki.

Kilichofuata ni hesabu rahisi. Kiwanda kimoja kimesimama, nusu ya wanunuzi wamefungwa na kadi, na mpakani pana ukuta.

Ukuta wenyewe nao una historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni moja ya Marekani ilibadilisha mchanganyiko wa maziwa yake ya soya kwa kupunguza chumvi. Bila kukusudia ikaondoa karibu kloridi yote, madini ambayo mwili wa mtoto hauwezi kuishi bila kuyapata. Watoto zaidi ya 100 waligundulika kuugua. Wazazi walipiga kelele mpaka Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1980, inayoagiza ni virutubisho gani lazima viwemo, vipimwe vipi, na kwamba kampuni inayotaka kuingiza maziwa mapya sokoni iiarifu FDA siku 90 kabla. Kwa hiyo mtu akisema Marekani ina masharti mengi mno juu ya maziwa ya watoto, akumbuke masharti hayo yaliandikwa baada ya watoto kuumia.

Tatizo ni kwamba juu ya masharti ya usalama yaliongezwa masharti ya biashara. Maziwa kutoka nje yalitozwa ushuru wa asilimia 17.5, na zaidi ya hapo yakizidi kiasi fulani. Maziwa ya Ujerumani au Uholanzi, ambayo watoto wa Ulaya wanayanywa kila siku, hayakuwa na njia ya kuingia kwa urahisi. Takriban asilimia 98 ya maziwa ya kopo yaliyotumika Marekani yalitengenezwa humo humo nchini. Usalama wa mtoto ni jambo moja, na kumkinga mfanyabiashara na ushindani ni jambo jingine. Hapa yalifungwa katika furushi moja.

Serikali ilipoamka, iliamka kwa kishindo. Tarehe 18 Mei Rais Joe Biden alitumia sheria ya uzalishaji wa ulinzi, iliyotungwa wakati wa vita vya Korea, ili viwanda vya maziwa vipewe malighafi kabla ya wateja wengine. Ndege za jeshi zikatumwa Ulaya kuchukua makopo. Ya kwanza ilitua Indianapolis tarehe 22 Mei ikiwa na tani 35 hivi za maziwa ya watoto wenye mzio. Picha zilikuwa nzuri kwenye televisheni.

Kwa mama yule wa kadi, kilichokuwa na uzito zaidi ni karatasi iliyosainiwa siku moja kabla ya ndege kutua. Sheria ya tarehe 21 Mei 2022 iliipa Wizara ya Kilimo, inayosimamia WIC, mamlaka ya kudumu ya kulegeza masharti wakati wa dharura au bidhaa zinaporudishwa kiwandani. Kadi ikubali kampuni nyingine, ikubali kopo la ukubwa mwingine. Hapo kabla, majimbo yalikuwa yameruhusiwa kulegeza tangu Februari, lakini kwa sababu tu kulikuwa na tangazo la dharura la UVIKO-19. Yaani watoto wale waliokolewa kwa sehemu na janga jingine. Isingekuwa UVIKO, kadi zingeendelea kukataa mpaka Mei. Sheria hiyo hiyo iliagiza mikataba mipya ya majimbo ieleze kampuni itafanya nini maziwa yake yakiondolewa sokoni.

Mwezi Julai ushuru ulisitishwa, lakini hadi tarehe 31 Desemba 2022 tu. Desemba hiyo hiyo ikaja sheria nyingine: mtengenezaji akiona uzalishaji utakatizwa kiasi cha kuleta upungufu, aiarifu FDA ndani ya siku tano za kazi. Huenda unajiuliza, kwani awali hawakulazimika? Hawakulazimika. Mamlaka yenye jukumu la kulinda chakula cha mtoto haikuwa na nguvu ya kudai taarifa kwamba chakula hicho kinakaribia kwisha.

"Si wanyonyeshe tu?"

Hili tulilisikia sana, huko na huku. Ni jibu la haraka, na kwa mama mwenye mtoto wa miezi minne ambaye maziwa yamekauka halina msaada. Wapo watoto wa kulea, wapo ambao mama amefariki au anatumia dawa zisizoruhusu, wapo wenye miili isiyopokea protini ya kawaida. Hawa wa mwisho waliumia kuliko wote, kwani maziwa yao maalumu yalitoka katika kiwanda kile kile cha Sturgis.

Na tuangalie sheria ya kazi. Marekani haina likizo ya uzazi yenye malipo kwa wafanyakazi wote. Sheria ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 bila malipo, tena si kwa kila mfanyakazi. Anayelipwa kwa saa anarudi kazini mapema kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri. Ni takriban robo tu ya watoto wa Marekani wanaonyonyeshwa maziwa ya mama pekee mpaka miezi sita. Kwa mfanyakazi wa Tanzania aliye na mkataba, sheria inampa siku 84 zenye malipo. Kenya ni miezi mitatu. Kwa mama anayelima shamba lake au anayeuza mboga sokoni, sheria hizo hazimgusi, na hapo tunafanana na Wamarekani kuliko tunavyodhani.

Huku kwetu sheria za maziwa ya kopo zilianzia upande mwingine kabisa. Mwaka 1981 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha kanuni ya kudhibiti utangazaji wa maziwa hayo, baada ya kampuni kulaumiwa kwa kuwashawishi akina mama wa nchi maskini kuacha kunyonyesha. Tanzania ikaweka kanuni zake mwaka 1994, Kenya ikatunga sheria mwaka 2012. Ndiyo maana redio yetu haiwezi kukusomea tangazo la maziwa ya mtoto mchanga, hata tulipwe. Marekani haikuifanya kanuni ile kuwa sheria.

Sheria zetu zinamkinga mtoto na muuzaji. Hazisemi mengi juu ya bibi aliyeachiwa kichanga na binti aliyefariki wakati wa kujifungua. Kopo la gramu 400 kwa mtoto wa miezi mitatu ni siku nne hivi, na hakuna kadi ya serikali. Kwa bibi huyo uhaba hauna mwezi wala mwaka; rafu imejaa, ila bei ndiyo inayokataa.

Kwa familia iliyo katika hali hiyo, mambo machache ambayo madaktari wa Marekani waliyarudia mwaka 2022 yanafaa hapa vile vile. Usiongeze maji ili kopo lidumu. Maji yakizidi, chumvi mwilini mwa mtoto inashuka na anaweza kupata degedege. Usimpe mtoto wa chini ya miezi sita uji mwepesi wala maziwa ya ng'ombe badala ya kopo kwa kusikia kwa jirani. Nenda kwanza zahanati, uulize kuhusu lishe ya mtoto asiye na mama, na uulize pia kama mama mdogo au shangazi anayenyonyesha anaweza kusaidia baada ya kupima VVU. Na kwa kuwa unga wa kopo unaweza kuwa na vijidudu hata kabla ya kufunguliwa, chemsha maji, changanya yakiwa bado ya moto sana, kisha poza chupa au kikombe kwenye maji baridi kabla ya kumpa. Kilichobaki baada ya saa mbili kimwage, hata kama kinauma kukimwaga.