Askari na Kikaango Chake

Askari atokaye lindo la usiku huwa na njaa isiyokubali kungoja. Hapo ana njia tatu: kumwamsha mkewe, kusimama kwenye kibanda cha njiani, au kuwasha jiko mwenyewe. Makala haya yanaitetea njia ya tatu, na sababu yake kubwa si upishi.

Tuanze na kibanda. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wilayani Dowa, kilomita kama 45 kutoka jiji la Lilongwe, Kiswahili ni lugha ya watu wengi waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwanajeshi wa Tanzania au wa Malawi aliyetumikia kikosi cha Umoja wa Mataifa mashariki ya Kongo tangu mwaka 2013 ataikuta hapo lugha ile ile aliyoisikia Goma. Dzaleka ilikuwa gereza katika enzi ya Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ikageuzwa kambi. Iliandaliwa kwa watu kama 10,000, na leo imebeba zaidi ya 50,000. Mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa. Mama mwenye kikaango na trei ya mayai hapo hafanyi biashara ya anasa.

Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi nje ya kambi warejee Dzaleka. Agizo hilo silijadili hapa. Lakini fikiri, ndugu askari: mtu wa namna hiyo akuonapo umevaa sare, ukamwambia, "Mama, nifungie mayai mawili," atathubutu kukudai bei? Atakupa, atatabasamu, na ukishaondoka atahesabu hasara yake. Jambo hili halina mpaka wa nchi. Askari wengi hulipa hadi senti ya mwisho, nao huchafuliwa jina na wachache ambao mkono wao hauujui mfuko.

Basi turudi nyumbani. Kinachotakiwa ni mayai mawili, nusu kitunguu, nyanya moja, karoti ndogo, majani machache ya kabichi au mpiru, chumvi, kijiko cha mafuta na vipande viwili vya mkate. Jiko la udongo la Malawi liitwalo Chitetezo Mbaula latosha, tena halili kuni nyingi. (Mkongo husema mbabula, maneno hayo ni jirani kama wasemaji wake.)

Katakata mboga ziwe ndogo, na nyanya uitoe mbegu, maana maji yake ndiyo yaharibuyo kila kitu. Kaanga kitunguu kwanza, kisha karoti na kabichi, nyanya mwisho, mpaka maji yakauke. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka: humimina mayai juu ya mboga mbichi, wakapata uji. Mboga zikikauka, punguza moto, mimina mayai uliyoyapiga kwa chumvi, uyatandaze. Juu yakiwa bado na umajimaji, laza vipande vya mkate kando kwa kando ili vishikamane nayo. Ngoja kidogo, geuza vyote pamoja, mkate nao uchomeke, kisha kunja kimoja juu ya kingine. Mayai yaive kabisa. Yai bichi laweza kubeba vijidudu, na mwenye kuharisha hafai lindoni. Nchini Uganda huviringisha mayai ya namna hii ndani ya chapati na kuiita rolex, jina lililotokana na Kiingereza cha mayai ya kuviringishwa. Nami sikiiti chakula chetu mkate wa mayai, kwani mtu wa Unguja angedhani nasema keki.

Wapo watakaosema jikoni si mahali pa mwanamume. Kambini ni nani awapikiaye? Ni mwanajeshi mwenzao, tena mwenye cheo, na hakuna amchekaye. Aibu hiyo huanzia wapi, mlangoni pa nyumba?

Pika viwili: kimoja ule, kingine umfunikie mama watoto aamkapo. Ukitaka kubeba kazini, funga katika karatasi safi, si katika gazeti. Hata hili, wino wake si wa kuliwa.