Kimea cha Nafuu Kimo Ghalani

Mtu atakaye kutengeneza bia nyumbani kwa kufuata vitabu vya Ulaya hukutana na kikwazo mapema. Huambiwa atafute shira ya kimea, yaani ule utomvu mtamu, mzito, wenye rangi ya asali iliyokolea, ambao huuzwa makoponi. Shira hiyo hutengenezwa kwa shayiri, huvuka bahari, na ifikapo Dodoma bei yake humshinda mtu wa kipato cha kawaida. Ndipo huanza kuulizwa ni wapi ipatikanapo shira ya bei nafuu. Swali hilo lina kasoro. La kwanza kuulizwa lingekuwa hili: shira yenyewe ni kitu gani, na kwa nini aihangaikie mtu akaaye Msalato, katika nchi ya mtama na uwele?

Punje ya nafaka ni akiba ya chakula cha mmea mchanga. Akiba hiyo ni wanga, nao hauyeyuki katika maji baridi wala kiinitete hakiwezi kuutumia kama ulivyo. Punje ikilowa, kiinitete hutoa homoni iitwayo jibereli, ambayo huamsha utando wa seli ulioko chini ya ganda. Kutokana na kuamshwa huko hupatikana vimeng'enya viitwavyo amilesi, ambavyo kazi yake ni kuukata wanga kuwa sukari. Uotaji ukizuiwa siku ya nne au ya tano kwa kuzikausha punje, vimeng'enya hubaki humo vimelala. Punje kavu za namna hiyo ndizo kimea. Kikisagwa na kuchanganywa na maji ya moto, vimeng'enya huendelea na kazi pale vilipoachia, na baada ya saa moja hivi maji huwa matamu. Maji hayo matamu yakichemshwa hata sehemu kubwa iwe mvuke, kinachobaki chunguni ni shira.

Kwa hiyo anunuaye shira hununua kimea ambacho mtu mwingine amekwisha kukilowesha, kukipasha moto na kukikausha tena. Faida yake ni moja tu: humwondolea mpishi kazi ya kuugeuza wanga. Gharama yake ni ya kuni. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kwahitaji megajuli 2.26, mbali na joto la kuyafikisha kwenye mchemko. Kilo moja ya kuni kavu ina megajuli 16 hivi, lakini moto wa mafiga matatu hupoteza karibu sehemu tisa katika kumi za joto hilo. Mwanafunzi wa kidato cha pili akipiga hesabu ataona kwamba kila lita ya maji inayopotezwa hula takriban kilo moja na nusu ya kuni. Lita kumi zikipunguzwa hata zibaki mbili, mzigo wa kilo kumi na mbili umeteketea. Viwanda hujiokoa kwa kuchemsha ndani ya mitungi iliyopunguzwa hewa na kuutumia tena mvuke. Jiko la nyumbani haliwezi hayo. Katika mkoa ambao mradi wa HADO ulianzishwa mwaka 1973 ili kuiokoa ardhi iliyomomonyoka, kushauri watu wapike shira majumbani ni kushauri hasara. Kimea kikavu chatosha. Hukaa ghalani bila kopo, huchukulika kwa gunia, na hakihitaji moto hata siku ya kutumiwa.

Hata hivyo wapo wasemao kwamba mtama hauwezi kutoa bia ya kweli. Nigeria ilipiga marufuku uagizaji wa kimea cha shayiri kuanzia mwaka 1988, na viwanda vikubwa vya huko vikageukia mtama na mahindi. Uganda nayo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Nile Breweries ilianza kuuza bia ya Eagle iliyotokana na mtama uitwao Epuripur, mbegu iliyotolewa na watafiti wa Serere. Lakini mfano wa Nigeria una funzo ambalo husahauliwa mara nyingi. Viwanda vingi huko viliona kuotesha mtama ni kazi ngumu, vikatumia mtama mbichi pamoja na vimeng'enya vya viwandani. Basi viliacha kununua kimea ng'ambo vikaanza kununua vimeng'enya ng'ambo. Kubadili nafaka bila kuimiliki elimu ya kimea ni kubadili duka tu.

Elimu hiyo, kwa sehemu kubwa, imo mikononi mwa wanawake wapikao pombe katika vijiji vya Ugogo, kama ilivyo kwa wale wapikao mbege Uchagani kwa ndizi na kimea cha ulezi. Utaratibu wao wajulikana: nafaka hulowekwa usiku na mchana, hutandazwa na kufunikwa hata ichipue, huanikwa, husagwa. Kisha hupikwa uji, uji huachwa upoe kiasi, ndipo kimea hutiwa. Hatua hiyo ya mwisho yastahili kutazamwa vizuri, kwa kuwa ndani yake mna jibu la tatizo ambalo huwasumbua wataalamu wa bia. Wanga hauna budi kuvimba kwa joto kabla haujakatwa vizuri na vimeng'enya. Wanga wa shayiri huvimba kwenye digrii 60 hivi za Sentigredi, joto ambalo vimeng'enya vyake hulivumilia. Wanga wa mtama huvimba kwenye digrii 70 au zaidi, na kwa joto hilo amilesi ya aina ya beta, ambayo ndiyo itoayo sukari nyingi ya maltosi, huwa imekwisha kuharibika. Tena mtama una kiasi kidogo cha beta kuliko shayiri. Atakayechanganya kila kitu pamoja kama vitabu vya shayiri vielekezavyo atapata maji machafu yasiyo na utamu. Wapikaji wa Ugogo huuvimbisha wanga kwanza katika uji unaochemka, halafu hutia kimea joto likiwa limeshuka. Hakuna kitabu cha Ulaya kilichowafundisha hayo.

Wanachokosa ni kipimajoto. Mpishi wa siku nyingi hukadiria kwa kidole, na kidole hakivumilii digrii 60, kwa hiyo ni rahisi uji kuachwa upoe kupita kiasi. Kwa pombe ya kienyeji hilo si hasara kubwa, maana wanga uliobaki ndio uipao uzito wake. Kwa atakaye bia angavu ni hasara tupu. Kipimajoto kimoja, na subira ya saa moja kati ya digrii 60 na 65, vyaweza kumfaa kuliko kopo lolote la shira.

Upo pia mgogoro wa mbegu, nao si mdogo. Mtama mwekundu wenye ganda chungu una tanini, na tanini hushikamana na vimeng'enya na kuvizuia visifanye kazi. Mtama mweupe hauna kasoro hiyo. Lakini ndege waharibifu, kweleakwelea, huupenda mtama mweupe kwa sababu ile ile, na mkulima wa Dodoma aliyewahi kuliona wingu lao likitua shambani hahitaji kuelezwa kwa nini jirani yake angali akipanda mwekundu. Kumlaumu si haki. Katika sehemu za kusini-magharibi mwa Uganda na Rwanda watu huloweka mtama mwekundu kwa maji ya majivu kabla ya kuuotesha, na majivu hayo huipunguza tanini. Jambo hilo laweza kujaribiwa kwa ndoo moja na majivu ya jikoni.

Kinachotisha zaidi ni ukungu. Kuotesha nafaka ni kuiweka katika unyevu na vuguvugu kwa siku kadhaa, yaani katika hali ile ile ipendwayo na kuvu. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa ugonjwa wa ini uliotokana na mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo haiondolewi kwa kuchemsha, wala uchachu wa pombe hauifuti. Kwa hiyo kimea chenye madoa ya kijani, au kinachonuka uvundo, ni cha kutupwa, hata kama ni gunia zima na hata kama mwaka ni wa njaa. Nafaka ipepetwe na punje zilizovunjika ziondolewe kabla ya kulowekwa, maji yabadilishwe, kimea kianikwe juu ya mkeka au turubai, tabaka jembamba, kisilazwe udongoni. Hapa Msalato imejaliwa. Tangu Mei hadi Novemba mvua ni nadra sana, upepo ni mkavu, na jua hukausha bila kufikia joto la kuua vimeng'enya. Nchi zenye ukungu wa baridi hujenga tanuri kwa kazi hiyo.

Machipukizi na vimizizi vya mtama nayo yana kitu kiitwacho dhurini, ambacho huzaa sayanidi. Dawa yake ni kukifikicha kimea kikavu kwa viganja, kupeta vimizizi kwa ungo, na kuhakikisha kwamba kitu kilichotiwa kimea hicho kimechemshwa vizuri kabla ya kuliwa au kunywewa.

Mambo haya yote yangefahamika mashuleni zamani kama neno kimea lisingefungamanishwa na ulevi. Pombe si kinywaji cha mwanafunzi, na hakuna atakaye iwe hivyo. Lakini mwaka wa njaa unapowadia na amri za kuzuia upikaji wa pombe za nafaka zinapotolewa, kimea huhukumiwa pamoja na pombe, ilhali kina kazi nyingine iliyo bora. Wanasayansi A. C. Mosha na U. Svanberg walichapisha mwaka 1983 utafiti wao juu ya uji wa watoto uliotiwa unga wa nafaka iliyooteshwa, na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliutangaza unga huo kwa akina mama. Mtoto mdogo hawezi kumeza uji mzito, na uji mwepesi ni maji mengi kuliko chakula. Kijiko cha unga wa kimea kikitiwa katika uji mzito huulegeza kwa dakika chache bila kuongeza maji, kisha uji hurudishwa motoni uchemke tena. Ni vimeng'enya vile vile. Mama wa mtoto mchanga na mpishi wa bia watafuta kitu kimoja, nao wote wawili hudhurika kwa ukungu ule ule.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia si dukani bali ni maabara ya shule. Wanafunzi wa Msalato waweza kununua mnadani kilo moja moja ya mtama mweupe, mtama mwekundu, uwele na ulezi, wakaziotesha kwa siku sawa na kuzianika pamoja. Vikombe vinne vya uji mzito wa namna moja vitiwe kila kimoja kijiko cha kimea tofauti, vikawekwa katika maji ya digrii 60, na kila baada ya dakika tano tone la uji lijaribiwe kwa iodini. Pale rangi ya buluu inapofifia mapema, vimeng'enya ni vingi. Kikombe cha tano kisitiwe kitu, kiwe cha kulinganishia. Matokeo yakiandikwa msimu baada ya msimu pamoja na jina la mbegu na kijiji ilikotoka, kituo cha utafiti wa kilimo cha Hombolo kitakuwa na la kumwambia mkulima aulizaye apande mtama gani kwa ajili ya kimea.