Kona ya Mwalimu: Fonia ya gari ikinyamaza



Gari likimbeba mama mwenye uchungu wa kuzaa kutoka Kabimba kwenda Kalemie na likwame njiani, fonia ndiyo mdomo wa kuitia msaada. Ikinyamaza, watu husema mashine imekufa. Mara nyingi mashine ni nzima. Mgonjwa ni antena.

Fonia ndogo za gari, zile za CB, hutumia megahezi 27. Hufika kilomita chache tu, basi antena mbovu huzimaliza kabisa. Bodi ya gari ni nusu ya pili ya antena. Tuangalie hivi:

1. Mguu wa antena. Kutu au rangi ikikaa kati yake na chuma cha gari, sauti haiendi mbali. Sugueni mpaka chuma king'ae, kisha kazeni.

2. Kebo. Mitikisiko ya barabara huilegeza kwenye vichwa vyake, na mlango huweza kuibana.

3. Urefu. Gari likiwa mahali pa wazi, fundi apime mawimbi yanayorudi, kwenye kanali 1 na 40. Yakizidi kwenye 1, antena ni fupi, irefushwe. Yakizidi kwenye 40, ni ndefu, ifupishwe kidogo kidogo. Kipimo chini ya 2 ni kizuri. Kikipita 3, msiongee, mtaunguza mashine. Vilevile msibonyeze kitufe cha kusema antena ikiwa imetolewa.

Shauri langu: kila kikundi kichague wamama wawili wa kujaribu fonia kila juma, gari lingali nyumbani.