Mwenye Kibanda Hakutia Sahihi

Ndugu mpenda mageuzi, mwanasheria hufundishwa mapema kwamba mkataba huwafunga wale waliotia sahihi. Katika siasa za Kenya mambo yamekuwa kinyume. Waliotia sahihi huenda zao huru, na gharama humfuata mtu ambaye hakuwapo mezani.

Mwaka 1992 hapakuwa hata na mkataba wa kuvunjwa. Kifungu cha 2A kilikuwa kimefutwa Desemba 1991, baada ya makanisa, mawakili na raia wa kawaida kulipia mageuzi hayo kwa vifungo na kwa damu. Kisha FORD ikagawanyika: Jaramogi Oginga Odinga huku, Kenneth Matiba kule, na pembeni Mwai Kibaki na chama chake cha DP. Kila mmoja alikuwa na haki ya kugombea, na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Rais Moi akabaki Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura, ingawa zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura walikuwa wamemkataa.

Mwaka 2002 viongozi waliungana chini ya NARC, na KANU ikang'olewa. Lakini makubaliano yao ya Oktoba mwaka huo yalihusu zaidi nani angepata cheo gani. Hayakuwa sheria, wala hayakuwekwa mbele ya mpiga kura. Ushindi ulipopatikana, wakayagombania. Ugomvi huo ukaingia katika kura ya maoni ya Novemba 2005, na kutoka hapo hadi uchaguzi wa Desemba 2007.

Hesabu ya ugomvi huo ililetwa Soko la Toi, pale Kibera. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi, soko liliteketezwa. Mitumba, mboga na mtaji wa familia nyingi viligeuka majivu. Nchini kote zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Mwenye kibanda hakuwa ameahidiwa cheo, na hakuna aliyekuwa amemwomba sahihi.

Sisemi kwamba mapatano ya Februari 28, 2008 yalikuwa mabaya. Yalisimamisha mauaji, na mpenda amani hawezi kuyabeza. Lakini tazama kilichofuata. Mwezi Aprili baraza la mawaziri 40 liliapishwa, kila kambi ikihesabu viti vyake. Huko Toi wachuuzi wa makabila mbalimbali walikuwa wanarudi kusimamisha vibanda palepale palipoungua, bega kwa bega na jirani walioambiwa kuwa ni adui. Wenye kidogo ndio waliotangulia kuelewa maana ya manufaa ya wote.

Waumini mnakumbuka hukumu ya Sulemani. Mama wa kweli alitambulikana kwa kuwa tayari kumwachilia mtoto asikatwe vipande viwili. Hicho ndicho kipimo cha kiongozi: ameachilia nini ili nchi isikatwe?

Katiba ya 2010 imetupa silaha. Ibara ya 73 inasema kwamba mamlaka ya afisa wa serikali ni amana ya umma, nayo humpa jukumu la kuwatumikia watu, si uwezo wa kuwatawala. Ibara ya 152 imeweka kikomo cha mawaziri 22. Lakini amana isiyodaiwa huliwa.

Basi tudai. Vyama vinapoungana, makubaliano yachapishwe kabla ya kura, kwa lugha inayosomeka sokoni. Yaseme kila kiongozi anaacha nini, si anapata nini tu. Yaseme pia ni nini kitafanyika yakivunjwa. Kila parokia na kila kikundi cha haki kihifadhi nakala, na mgombea aulizwe juu yake hadharani. Atakayekataa kuyaonyesha, tusimpe kura, hata akiwa wa kabila letu au wa kanisa letu.