TAARIFA YA TAWI: "ASIYERIDHIKA AENDE MAHAKAMANI" SI JIBU LA KUMPA MGONJWA

*Ndugu wanachama, wapenzi wa Chama na majirani mtakaofikishiwa ujumbe huu,*

Ujumbe ni mrefu. Naomba usomwe mpaka mwisho kabla ya kuweka dole gumba.

Jumapili kwenye mkutano wa hadhara mama mmoja alisimama akauliza. Mumewe amekataliwa kipimo, kadi yake ya bima iko hai, na karatasi aliyopewa ina neno moja tu: "haikuidhinishwa". Aende wapi? Mheshimiwa diwani akajibu huku anacheka kwamba nchi hii ni ya sheria, asiyeridhika aende mahakamani. Watu wake wakapiga makofi. Kamati ya Tawi imeniagiza nijibu, nami najibu kwa maandishi.

Mahakama ipi, Mheshimiwa?

Ukitaka kuidai taasisi ya umma kwa shauri la kawaida la madai, Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inakutaka kwanza utoe notisi ya siku 90. Marekebisho ya mwaka 2020 yaliingiza humo wakala za Serikali, mashirika ya umma na halmashauri. Yakataka pia Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe kwenye kesi, na kesi yenyewe ifunguliwe Mahakama Kuu. Kwa sisi wa Newala hiyo ni safari ya Mtwara. Mgonjwa wa figo husafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki. Siku 90 ni karibu wiki 13. Hesabu hiyo haihitaji diploma yangu ya uhasibu. Mheshimiwa akamwambie yeye mwenyewe asubiri notisi iive.

Tuseme amevuka hayo yote, amefika. Anamkuta nani? Anamkuta Wakili wa Serikali, msomi anayelipwa kwa kodi yetu, amekaa upande wa pili. Simlaumu wakili huyo. Kuitetea taasisi ndiyo kazi aliyopewa, na tangu 2018 tunayo Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali kwa ajili ya mashauri kama hayo. Nisichokubali ni kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza mwanasheria wa Serikali analifungua faili la mgonjwa, na analifungua kama mpinzani wake. Miezi yote kabla ya hapo faili lilikuwa kwa karani.

Chama kwenye kata hii kidai mwanasheria huyo aletwe mapema, akae katikati.

Ndugu mmoja ameniuliza kwenye kundi kama kuna nchi inafanya hivyo. Ipo, na wala si ya kusifiwa kwa kila kitu, maana ni Marekani, ambako mamilioni ya watu hawana bima kabisa. Lakini wazee wao wana bima ya serikali iitwayo Medicare, na mzee akinyimwa malipo ana ngazi tano za rufaa. Ngazi mbili za kwanza ni za kampuni zenye mkataba na serikali. Ya tatu ni mwamuzi wa ofisi ya rufaa iliyoanza mwaka 2005. Ofisi hiyo imo ndani ya wizara yao ya afya, lakini nje ya idara inayolipa madai. Shikeni hapo. Humo wamo mawakili wa serikali, na juu yao wapo mawakili wasimamizi. Kazi yao si kumshinda mzee. Wanafungua jalada, wanasoma daktari aliandika nini na sheria inaruhusu nini, kisha wanaandaa uamuzi wenye sababu. Msimamizi anagawa majalada, anapitia rasimu, na isiyo na sababu ya kueleweka anairudisha. Tangu 2017 baadhi ya mawakili hao wanaruhusiwa kuamua wenyewe rufaa zisizohitaji watu kuitwa na kusikilizwa.

Na muda je? Sheria inampa mwamuzi wa ngazi hiyo siku 90 awe ametoa uamuzi. Siku 90, zile zile. Kule zinamfunga ofisa, kwetu zinamfunga mgonjwa.

Najua wapambe wa diwani watakimbilia kusema hata huko walishindwa. Kweli, walishindwa, na nalisema mimi kabla yao. Rufaa zilijaa, watumishi hawakutosha, na kufikia 2017 wastani wa kusubiri ngazi hiyo ya tatu ulipita siku 1,000. Chama cha hospitali kilikuwa kimeshawapeleka mahakamani tangu 2014. Novemba 2018 jaji wa Washington akaamuru rundo la rufaa zaidi ya 400,000 liishe kabla ya kufungwa mwaka wa fedha wa 2022. Bunge lao lilitenga fedha, waamuzi wakaajiriwa, ofisi zikafunguliwa, na rundo likaisha. Kwa hiyo dai letu lisiishie kwenye kuandika siku kwenye sheria. Mimi nataka kuona kifungu cha bajeti, idadi ya watumishi na mishahara yao. Siku 14 zisizo na mtu wa kuzifanyia kazi ni maneno ya kalenda.

Nieleze kwa nini jambo hili limenikaa rohoni. Miaka michache iliyopita mama yangu mzazi alinyimwa kibali cha upasuaji na skimu moja ya bima, sitaitaja jina. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja, bila sahihi ya mtu. Siku hiyo mezani kwangu kulikuwa na vocha za ofisi. Vocha ya shilingi 5,000 ya nauli nisingeipitisha bila maelezo, risiti na sahihi mbili, na hapa mwili wa mama yangu umefungwa kwa mstari mmoja. Tuliuza korosho kabla ya bei kupanda, tukalipa. Inawezekana ile skimu ilikuwa sahihi kutukatalia. Sijui mpaka leo, na hilo linaniuma kuliko zile korosho.

Mtaniambia kila taasisi ina dawati la malalamiko. Lipo, na wahudumu wake wengine ni watu waungwana. Lakini yule wa dawati bosi wake ni nani? Ni yule yule aliyekunyima. Mhasibu yeyote atawaambia mkaguzi wa ndani haripoti kwa mshika fedha, hata kama mshika fedha ni mcha Mungu. Wengine watanikumbusha kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Namjua. Zungukeni mashina yote ya tawi hili muulize nani mwingine anamjua, kisha mniletee idadi.

Hospitali zina sauti. Machi 2024, kitita kipya cha mafao kilipoanza, hospitali binafsi zilitangaza kusitisha huduma kwa wenye kadi, na zikaitwa mezani kuzungumza. Zina chama chao na wanasheria wao. Mkulima wa Kitangari akigoma kuugua, nani atamwita mezani?

Tunataka kila mkoa uwe na Wakili wa Serikali Mfawidhi wa rufaa za bima ya afya, asiyeripoti kwa mfuko wowote unaolipa. Mwanachama akinyimwa, apewe sababu kwa maandishi na kwa Kiswahili, na rufaa ipokelewe wilayani bila ada. Uamuzi utoke ndani ya siku 14, na kwa hali ya hatari ndani ya siku 3. Kila robo mwaka idadi ibandikwe ubaoni: rufaa zilizopokelewa, zilizokubaliwa, zilizokataliwa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na tukiambiwa bima ni ya wote, basi na rufaa iwe ya wote.

Na tusijidanganye, ndugu zangu. Ilani ya Chama chetu ina maneno mazuri kuhusu bima. Nimeisoma mara mbili, kuhusu rufaa sikukuta sentensi hata moja. Nimeshawaandikia viongozi wa jimbo. Hawajajibu, nitaandika tena.

*Jumamosi saa 4 asubuhi* tunakutana ofisi ya tawi. Aliyewahi kukataliwa huduma akiwa na kadi hai aje na karatasi yake na kivuli kimoja. Nitaorodhesha tarehe, huduma na sababu iliyoandikwa, bila majina ya wagonjwa, tumpelekee Mheshimiwa kwenye kikao cha kata. *Msitume picha za vyeti vya hospitali humu kwenye kundi.* Yule mama wa Jumapili, anayemfahamu amwambie nimemwekea kiti cha mbele.

*Katibu wa Tawi*
Kwa niaba ya Kamati ya Tawi