Kukata Uzi Siyo Kumaliza

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili nikifika kwenye lawama nisionekane namnyooshea mtu kidole nikiwa nimejificha.

Shangazi yangu, fundi cherehani wa Mji Mkongwe, alifiwa na paka wake. Kidoti aliishi naye miaka 11, akilala juu ya vitambaa vilivyokatwa na kumwachia manyoya kwenye kila gauni la mteja. Baada ya kumzika, shangazi alikusanya vipande vya kanga na kushona mfarishi wa ukutani: sentimita 90 kwa 70, viraka juu, pamba katikati, bitana chini, na sura ya Kidoti katikati. Masharubu ni uzi mweupe. Jicho moja amelikata kwenye kanga aliyopewa harusini kwake. Ilimchukua karibu miezi minne, kila siku baada ya kazi za watu.

Mimi ndiye niliyemwomba tuupeleke kwenye maonyesho ya kazi za mikono hapa mjini. Alisema, "Haujaisha." Nikamjibu kwamba uzi umeshakatwa, kilichobaki ni kumalizia tu. Nikapitisha cherehani pembeni haraka haraka, nikaubeba. Ukagongomelewa misumari minne, mmoja kila pembe. Kadi chini yake iliandikwa: "Kazi za wanawake, Zanzibar."

Shangazi alikuja siku ya pili. Mfarishi ulikuwa umelegea kati ya misumari, kingo zimefanya mawimbi, uso wa Kidoti umevutwa upande kama mtu mwenye jino linalouma. Alisimama kidogo, akasema, "Mwanangu, umenitoa mbele za watu sijachana nywele." Kadi aliisoma, hakusema kitu.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na neno "tu" katika "kumalizia tu". Nadhani ndilo neno linalotudhulumia mafundi wetu, na wanaolitumia zaidi ni sisi, vijana wasomi tunaopenda kusema tunaenzi urithi.

Tuangalie hiyo "tu" ilikuwa kazi gani. Kwanza alifumua mshono wangu. Kisha alichukua kitambaa cheupe chenye maji akakisugua juu ya kila rangi, maana kanga nyekundu ikichuja, paka mweupe anageuka waridi. Alipoona haitoki rangi, akauloweka wote katika maji ya uvuguvugu, akaukunja ndani ya taulo na kuukandamiza bila kuukamua. Akautandaza juu ya godoro lililofunikwa shuka, akaanza kuunyoosha kwa viganja kutoka katikati kwenda nje.

Hapo ndipo nilipoelewa mawimbi yametoka wapi. Usoni mwa Kidoti mishono imesongamana, na kila mshono unavuta kitambaa kidogo. Pembeni mishono ni michache, kwa hiyo kitambaa kimebaki kipana. Katikati pamenywea, kingo zimezidi. Pasi haiwezi kuondoa hilo. Inaondolewa na maji, pini na subira. Alipima kona kwa kona: upande mmoja ulizidi mwingine kwa sentimita tatu. Akavuta, akachoma pini, akapima tena, akang'oa, akavuta tena, hadi ikawa 114 huku na 114 kule. Feni ikawashwa. Kwa unyevunyevu wa Unguja ulikaa siku mbili, kwa kuwa pamba ya ndani ikibaki na maji, ukungu huingia na hautoki tena.

Siku ya tatu alikata kingo kwa rula, akapiga pindo kwa mkono, akashona nyuma mfuko mrefu wa kupitishia ufito ili uzito ubebwe na upana wote badala ya pembe mbili. Akaagiza vipande viwili vya mti viwekwe kati ya mfarishi na ukuta. Kuta zetu za mawe na chokaa hushika unyevu, na kitambaa kilicholala juu yake kinaoza taratibu bila mtu kujua.

Siku tatu, basi, na ujuzi wa miaka 40. Mnunuzi akiuliza bei, tunamhesabia siku za kushona. Hizi tunazitoa bure, halafu tunashangaa kwa nini binti wa fundi hataki kuwa fundi.

Najua nitakavyojibiwa. Wapo watakaosema mikunjo ndiyo uzuri wa kazi ya mkono, ndiyo asili yake. Hayo ni maneno ya wasioshona. Sijamwona mama wa Unguja aliyemtoa mwanawe kwenda sala ya Idi na kofia ya mkono iliyonyong'onyea, akasema ni asili. Kofia hufuliwa, hutiwa wanga, huvalishwa kitu cha kuipa umbo hadi ikauke imesimama. Ng'ambo ya bahari, Karnataka nchini India, wanawake wa Kisidi, wenye asili ya Afrika, hushona mifarishi ya viraka wakianzia ukingoni kuelekea katikati, na kila pembe huweka vipande vilivyokunjwa tabaka juu ya tabaka, wanaviita maua. Bila maua hayo, kwao mfarishi uko uchi. Hawa hawakufundishwa na shangazi yangu. Wanajua tu anachokijua.

Wapo pia wanaosema picha ya kiumbe chenye roho haitundikwi. Hiyo ni hoja ya dini na ina wenye elimu yake. Shangazi ameijibu kwa namna yake: hautundiki chumba anachosalia. Ugomvi wangu hauko hapo.

Ugomvi wangu uko kwenye ile kadi. Katika mitaa hiyohiyo tunauza picha za wanyama za mtindo unaoitwa Tingatinga, kwa jina la Edward Saidi Tingatinga aliyefariki 1972. Mchoraji hutia jina lake pembeni, na hakuna anayeona ajabu. Kwa nini aliyechora chui kwa rangi awe mtu, na aliyeshona paka kwa kanga awe "wanawake"? Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837, alishona mfarishi wa visa vya Biblia na kuuonyesha mwaka 1886. Aliomba dola 10, akaja kuuuza kwa 5. Leo uko katika jumba la makumbusho la taifa, na tunajua ni wake kwa sababu aliyeununua alimwuliza maana ya kila picha akaandika. Ni wangapi hawakuulizwa?

Sisi tena ndio tusio na udhuru. Kanga yenyewe ina pindo, ina mji, ina jina, na mnunuzi husoma jina kabla ya kutoa pesa. Tunakata nguo yenye jina, tunashona nayo kitu kisicho na jina, halafu tunakiita urithi.

Basi anayeandaa maonyesho aweke siku na fedha za kumalizia, azilipe kama kazi nyingine. Asigongomelee nguo misumari. Aandike jina la fundi, mahali, mwaka. Akishindwa hayo matatu, aazime meza na viti, aache kazi za watu.

Mwezi uliopita nilitumwa tena kumwomba shangazi mfarishi. Aliugeuza, akanionyesha kipande cha shuka alichokishona nyuma: jina lake, jina la Kidoti, Unguja, mwaka. Kisha akauliza, "Wana ufito?"

Nikasema nitawauliza.

"Basi waulize kwanza," akasema, akaurudisha ukutani.